Kiroba cha kilo 5 kinasoma 4.93, hivi uzito ulioandikwa kwenye pakiti una maana gani hasa?

Mama_Genge

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnitoe tongotongo maana hapa nyumbani tumebishana mpaka tumenuniana.

Jana nimechukua sembe kiroba cha kilo 5, kampuni siitaji sitaki kesi mie, nikasema hebu ngoja nikiweke kwenye mizani yangu ya digitali ninayopimia vitunguu na nyanya hapa gengeni, ikasoma 4.93. Nikadhani mizani imechoka, nikaazima jiwe la kilo moja kwa jirani muuza nafaka, yale mawe yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, nikaliweka likasoma 1.00 safi kabisa. Nikarudisha kiroba, 4.93 ile ile. Baba watoto akaja juu kwamba huo ni wizi wa mchana kweupe, shemeji yangu ambae amewahi kufanya kazi godauni akasema wee hiyo inaruhusiwa, mashine haiwezi kujaza sawasawa kila mfuko na sheria inalijua hilo. Sasa nani mkweli hapo?

Afu kuna la pili ambalo ndo linaniuma zaidi. Vitu vinapungua jamani. Ile pakiti ya biskuti ya mia mbili mwanangu kaishika juzi kaniambia mama hii biskuti imekonda, nikacheka ila ni kweli, vipande vimepungua na pakiti kwa nje ni ile ile. Sabuni ya unga ya jero nayo ukiminya unasikia upepo. Mche wa sabuni umekuwa mwembamba na pembeni umejikunja. Bei haijapanda, nikimuuliza wa jumla ananiambia si bei ile ile mama unalalamika nini. Hivi hii haina sheria? Na yale magramu wanayoandika yanamlinda nani kama hata kilo 5 sio kilo 5?

Mzee_wa_Kijiweni

Pole dada. Mi krispu za pakiti nilishaachana nazo, ukifungua unapokelewa na upepo kwanza, viazi vinakuja baadae kama wageni waalikwa 😂

FundiMashine

Mama Genge, baba watoto na shemeji kila mmoja ana kipande cha ukweli, tatizo mmechanganya mambo mawili ambayo hayahusiani. Ngoja niyatenganishe maana nimeshinda sana kwenye mashine za kufungasha unga na sukari kabla sijaanza biashara yangu.

Jambo la kwanza ni pakiti kupungua na maandishi nayo yakapungua. Yaani biskuti ilikuwa imeandikwa gramu 50, leo imeandikwa gramu 40, bei mia mbili kama kawaida. Hapo kisheria hujaibiwa, umepandishiwa bei kimyakimya. Piga hesabu, mia mbili kwa gramu 50 ilikuwa shilingi 4 kwa gramu, sasa ni shilingi 5 kwa gramu. Mzigo umepungua asilimia 20 lakini bei imepanda asilimia 25, na hapo ndo wanapotushinda akili maana jicho linaona kapungua kidogo tu, wakati mfukoni ni robo nzima. Wala hawajadanganya, gramu 40 zimeandikwa pale, ila kwa herufi ndogo nyuma karibu na msimbo wa mistari, picha ya biskuti mbele imebaki kubwa vile vile.

Jambo la pili ni pakiti kuandikwa kilo 5 halafu ndani hakuna kilo 5. Huku ndo kupunja, na hapa sheria ipo, Sheria ya Vipimo Sura ya 340, na mwenye dhamana ni Wakala wa Vipimo. Lakini ili ujue umepunjwa lazima kwanza ujue ile "kilo 5" inaahidi nini.

Mashine ya kujazia unga haitoi kilo 5 kamili hata siku moja. Inatoa 5.02, inayofuata 4.98, 5.01, 4.97, inategemea unga umeshikana kiasi gani, hopa, lile pipa la juu linalolisha mashine, imejaa au iko nusu, hata umeme ukicheza inacheza nayo. Kwahiyo utaratibu unaokubalika kimataifa, ule wa shirika la vipimo la OIML kwenye pendekezo lake namba R 87, na Ulaya wana jedwali lenye namba hizo hizo, hauangalii mfuko mmoja. Unaangalia kwanza wastani wa bechi nzima, yaani mifuko yote iliyofungwa kwa mkupuo mmoja, huo hautakiwi kuwa chini ya kilichoandikwa. Yaani mifuko iliyopungua lazima ifidiwe na iliyozidi. Halafu kuna kiasi cha mfuko mmoja mmoja kupungua: kuanzia kilo 1 mpaka kilo 10 ni asilimia 1.5, kwahiyo kwa kilo 5 ni gramu 75. Kwa pakiti ya kuanzia nusu kilo mpaka kilo moja ni gramu 15. Gramu 200 ni gramu 9. Mifuko inayovuka huo mstari inatakiwa iwe michache mno, haizidi 25 kwenye 1,000. Na mfuko uliopungua mara mbili ya kiasi hicho, hapo kwako gramu 150, huo hautakiwi kutoka kabisa.

Sasa utaelewa kwanini ni suala la hela. Mwenye kiwanda akitega mashine kwenye 5.05 ili alale usingizi, mifuko 10,000 ametoa nusu tani ya unga bure. Akitega 4.95, nusu tani hiyo inabaki kwake na hakuna mnunuzi mmoja atakaeshtuka maana nani anaenda kulalamika kwa gramu 50? Kwahiyo vita yote iko pale kwenye kutega mashine, na mkaguzi akija kiwandani anachukua sampuli ya mifuko mingi, anapima, anatafuta wastani. Mfuko mmoja haumwambii kitu.

Swali langu kwako, hiyo 4.93 ulipima na mfuko wake? Uzito halisi unaoandikwa ni wa unga peke yake, kifungashio hakimo.

Mama_Genge

Ahsante sana kaka, yaani umenifungua. Nilipima na mfuko. Nimemwaga unga kwenye ndoo sasa hivi nikaupima mfuko mtupu umesoma gramu 30. Kwahiyo ni nini sasa, imekuwa mbaya zaidi au?

FundiMashine

Imekuwa mbaya zaidi. Unga ni 4.90, pungufu ni gramu 100. Mstari wa 75 umeshavukwa, wa 150 haujafikiwa. Kwa mfuko mmoja bado huwezi kumfunga mtu, inawezekana umeangukia kwenye ile michache iliyopotea njia. Lakini mi ningekuwa wewe nisingeishia hapo. Nenda pale pale uliponunua, muombe muuzaji mpime viroba vingine vya bechi hiyo hiyo bila kufungua, angalia namba ya bechi na tarehe ya kusaga iliyopigwa mhuri, toa gramu 30 za mfuko kwa kila kimoja. Ukikuta kimoja 4.99, kingine 5.03, kingine 5.00, basi chako kilikuwa na bahati mbaya. Ukikuta 4.91, 4.89, 4.92, 4.90 vyote vimejipanga upande mmoja, hapo mashine imetegwa makusudi au haijasahihishwa, na hapo baba watoto ndo mshindi wa ubishi.

Kabla hujapeleka malalamiko kuna kitu kimoja cha kuweka akilini, unyevu. Unga ukisagwa una unyevu asilimia 14 halafu ukakauka mpaka 13, kiroba cha kilo 5 kinapoteza gramu 57 hivi bila mtu kuchota hata kijiko. Viroba vya kufuma vinapumua. Ingekuwa uko Dodoma kiangazi na kiroba kimekaa dukani muda mrefu ningesema sawa, lakini Dar kwa jasho hili unga unakauka kwenda wapi?

Na hapo hapo ndo jibu la sabuni yako. Sabuni ya mche ina maji mengi ndani ikitoka kiwandani, inaendelea kukauka ikiwa kwenye boksi, pembe zinajikunja, uzito unashuka. Uzito ulioandikwa ni wa siku inafungwa. Kwahiyo mche uliojikunja sio lazima umepunjwa, na kwa matumizi ule mkavu hauyeyuki haraka kwenye beseni, wazee wetu walikuwa wanaianika juu ya kabati kwa makusudi. Ila mche mwembamba ambao bado ni laini na hauna gramu zilizoandikwa popote, huo usinunue, huna cha kuushikia.

Duka_la_Kona

Wadau mnavilaumu viwanda lakini hebu njooni mtazame droo ya duka. Mi nauza rejareja Mwanza, kwangu chanzo cha vitu kukonda ni sarafu.

Biskuti ya mia mbili, gharama zikipanda kiwanda kiiuze 230, mtoto kaja na jero, namrudishia nini? Shilingi 20 na 10 ukimpa mtu siku hizi anakuangalia kama umemtukana, hamsini zenyewe za kutafuta, tunaishia kupeana pipi badala ya chenji. Kwahiyo bei za vitu vidogo hazipandi taratibu, zinakaa kwenye ngazi, mia, mia mbili, jero, buku. Kiwanda kikishakaa kwenye mia mbili hakiwezi kusogea hatua ndogo, kinabaki pale pale kinapunguza gramu, kinapunguza tena, mpaka pakiti ikiwa ya aibu ndo kinaruka kwenda mia tatu na gramu zinarudi kidogo, wateja wanafurahi wanasema wameongeza. Wameongeza nini? Wamerudia palepale mlipotoka.

Na sisi wenyewe tunafanya hivyo hivyo kila siku. Sukari ya jero naifunga kwenye karatasi, sukari ikipanda kwa wa jumla siwezi kumwambia mtu lete 540, jero ni jero, kinachosogea ni kijiko. Mama wa maandazi nae andazi la mia ni la mia, unga ukipanda donge linakuwa dogo, na hakuna anaemuita mwizi kwasababu andazi unaliona kwa macho. Tofauti yake na biskuti ni kwamba biskuti imefichwa kwenye pakiti isiyopungua. Wangepunguza na pakiti mi nisingekuwa na neno.

Kingine wanachofanya wanabadilisha katoni. Ilikuwa pakiti 48 inakuja 42, bei ya katoni imeshuka kidogo unashangilia, ukigawanya unakuta kila pakiti imepanda. Kwahiyo sisi wa rejareja ndo wa kwanza kupigwa. Mi siku hizi naangalia mambo mawili kwenye katoni, idadi na gramu, bei ya katoni ndo naangalia mwisho.

Wanjiru254

Kumbe mko na shida moja na sisi. Huku Nairobi hii mambo ya kununua kidogo kidogo tunaita kadogo ekonomi, mafuta ya kupima ya bob kumi, sukari ya bob kumi, na mandazi ya kumi sahii unaimaliza na vidole viwili.

Lakini nyinyi mnaongea pakiti, si mngeona gorogoro. Ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ndio kipimo ya soko, mahindi, maharagwe, ndengu, yote. Sasa kuna wale wanachukua mkebe wanagonga chini na nyundo mpaka inaingia ndani, juu anakujazia vizuri hadi inamwagika, unafurahi, kumbe chini kuna kilima. Mimi huwa nageuza mkebe kwanza naangalia makalio yake kabla niseme nataka ngapi, na mama wa soko akikasirika najua jibu.

Na hata kama mkebe ni mzima, hiyo ni ujazo sio uzito. Gorogoro ya mahindi kavu na gorogoro ya unga haziwezi kuwa na kilo sawa, unga iko na hewa katikati, ukiigongagonga inashuka. Kwa hivyo mtu akikuambia gorogoro ni kilo mbili muulize kilo mbili ya nini. Mizani ndio dawa, na mizani iwe imepigwa stampu na watu wa vipimo, huku sheria ni Cap 513.

Mbongo_UK

Habari za siku nyingi wakuu. Niwape ya huku Uingereza muone kwamba hata wazungu wanakondeshewa.

2016 chokoleti ya Toblerone, ile ya pembetatu, iliyokuwa gramu 400 ikashuka mpaka 360, na ya gramu 170 ikawa 150. Sasa hawakufupisha pakiti, walichofanya wakaachanisha yale meno, nafasi katikati ikawa pana, ukiishika urefu ni ule ule lakini nusu ni bonde. Watu walikasirika nchi nzima, magazeti yakaandika, na 2018 wakairudisha ile ya 150 kwenye umbo lake la zamani wakaifanya gramu 200, na bei nayo ikasogea. Sababu waliyotoa ni gharama za malighafi, sawa na kila mtu.

Ila huku kuna kitu kimoja ambacho nakitamani kwa maduka makubwa ya nyumbani. Kwenye shelfu chini ya bei kuna bei nyingine kwa herufi ndogo, bei kwa gramu 100 au kwa kilo. Pakiti ikonde inenepe, wewe unasoma ile namba ndogo tu. Wafaransa wameenda mbali zaidi, tangu tarehe 1 Julai 2024 supermaketi ikiwa na bidhaa iliyopunguzwa ujazo na bei kwa kipimo ikapanda, inatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa hiyo kwa miezi miwili. Brazil nao walishaweka sharti siku nyingi, mwenye bidhaa akipunguza lazima aandike kwenye pakiti kwamba imepungua. Kwahiyo Mama Genge aliyeuliza kama haina sheria, kwingine ipo, na haikatazi kupunguza, inakataza kupunguza kimyakimya.

Kitu kingine, mkiona kwenye pakiti zinazotoka Ulaya kuna alama ya e ndogo pembeni ya gramu, ndo ule mfumo wa wastani aliousema FundiMashine. Haina uhusiano na ubora wala viambato, inasema tu kwamba bechi imepimwa kwa masharti yale.

Na vitu vya kopo angalieni namba mbili. Kopo la njegere au maharage limeandikwa gramu 400 halafu chini yake uzito baada ya kuchuja gramu 240. Hizo 160 ni maji ya chumvi, hamli hayo, mnayamwaga kwenye sinki.

Mama_Genge

Jamani mmejaa nyie, ahsanteni. Nimepita kwenye shelfu langu na kikokotoo cha simu nimepata kizunguzungu, sabuni ya unga ya jero kwa gramu ni ghali kuliko pakiti kubwa ya kilo, sio kidogo, ghali haswa. Yaani maskini ndo analipa zaidi. Lakini wateja wangu wananunua kwa jero na mia mbili, hiyo elfu kadhaa kwa mpigo watatoa wapi.

Duka la Kona umeniambia kitu sikuwahi kukiwaza, ile ya chenji. Na mafuta je? Maana mafuta nayo wengine wanaandika lita wengine kilo, napigwa wapi hapo?

FundiMashine

Mafuta ndo uwanja wa mahesabu hasa, kaa vizuri.

Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya mafuta ya alizeti au mawese ni kama gramu 910 mpaka 920, yakipata joto yanatanuka kwahiyo yanazidi kuwa mepesi kidogo kwa lita. Kwahiyo dumu la lita 5 ukilipima na kutoa uzito wa dumu tupu unatakiwa kupata kilo 4.55 mpaka 4.6. Ukipata hivyo usigombane na mtu, hujapunjwa. Nimeona watu wanapigana dukani kwamba lita 5 imetoa kilo nne na nusu.

Upande wa pili sasa. Pakiti ikiandikwa gramu 900 watu wanaisoma kichwani kama lita moja, kumbe ni mililita kama 980. Ndoo ikiandikwa kilo 18 watu wanaiita ndoo ya lita 20, kumbe ni lita 19 na nusu hivi. Hajadanganya, kilo 18 ni kilo 18, wewe ndo umeibadilisha kuwa lita 20 mwenyewe kwasababu ndoo ya plastiki unaijua kwa jina hilo. Ukitaka kulinganisha wawili mmoja wa lita mwingine wa kilo, chukua za lita zidisha kwa 0.92 upate kilo, halafu gawanya bei.

Na kupima kwa macho kwenye dumu achana nako. Madumu yanatengenezwa na mabonde chini na mkono uliopita katikati, ukiona mafuta yamefika shingoni sio ushahidi wa chochote.

Mkulima_Njombe

Nimesoma wote nimecheka kwa uchungu. Huko mjini mnalia vifuko vinakonda, huku shambani mfuko unanenepa.

Mnunuzi wa viazi anakuja na gunia lake, sheria ya vipimo inasema mazao yasifungashwe zaidi ya kilo 100, yeye anajaza gunia mpaka mdomoni halafu anashonea kofia ya kamba juu, anapanga viazi kwenye kofia mpaka inakuwa lumbesa, gunia moja linakuwa kama gunia na nusu. Bei ni ya gunia moja. Ukimwambia tupime kwa kilo anawasha gari anaenda kwa jirani ambae ana ada ya shule ya kulipa kesho. Kile kilichozidi kwenye kofia ndo faida yake, na akifika sokoni halafu mkaja nyie wenye magenge hauzi kwa lumbesa, anauza kwa ndoo na kwa kisado.

Kenya nao nasikia waliweka kanuni 2019 viazi vifungwe kwa mfuko wa kilo 50, na ule mfuko wa kofia wao wanauita mukorino.

Kwahiyo FundiMashine na wengine mkisema Wakala, mi naomba mizani tu kijijini, yenye stika, kila mtu auze kwa kilo. Kilo haina kofia.

Wanjiru254

Ukweli mkulima. Hiyo kanuni ya kilo 50 iko lakini bado utaona mukorino barabarani, broker anajua mkulima hana stoo na viazi haingoji.

Duka_la_Kona

Kuna mtu kaniuliza pembeni kama mimi dukani nikikutwa nauza kiroba kilichopunguka kiwandani nashikwa mimi au kiwanda. Ushauri wangu wa kizoefu, tunza risiti ya wa jumla, usifungue wala kushona upya kiroba, na mzigo ukikutia shaka usiuweke kwenye shelfu. Kiroba kilichoshonwa kiwandani na uzi wake kikawa pungufu, maelezo unayo. Kiroba chenye uzi tofauti na vingine, huo msala ni wako.

Na nyie wanunuzi, angalieni uzi. Kiroba kilichofumuliwa kikashonwa tena matundu ya sindano yanaonekana mistari miwili.

Mama_Genge

Hiyo ya uzi nimeenda kuangalia mbio, mstari mmoja tu, kwahiyo ni huko huko kiwandani. Kesho nawahi dukani na mizani yangu begani, yule kaka wa duka tunaheshimiana amekubali tupime.

La mwisho halafu siwachoshi, gesi. Ule mtungi wa kilo 6 mimi unaniishia haraka sana nao upo kwenye kundi hili?

FundiMashine

Upo, na ndo rahisi kuliko vyote kupima. Kwenye shingo ya mtungi au kwenye ule mkono wa chuma pamegongwa uzito wa mtungi mtupu, kila mtungi una wake, usikariri wa jirani. Hizo kilo 6 ni za gesi peke yake. Kwahiyo chukua uzito wa mtungi mtupu uliogongwa jumlisha 6, hapo ndo mizani inatakiwa isome. Umegongwa 7.2, mizani isome 13.2. Pima pale pale dukani kabla hujalipa na kabla hujavunja lakiri, ukishaufikisha nyumbani na kuuwasha hakuna wa kumuuliza. Na mtungi ambao namba zake zimepakwa rangi hazisomeki, muombe akupe mwingine.

Dada ukishapima hivyo viroba lete namba hapa, za wote, hata kama viko sawa.